Vidonge vya Bakuli Moja

Mwanangu Raya,

Salamu zote nilizonazo nimekupa asubuhi kwa mdomo, na kesho bandarini Mkoani nitakupa tena, kwa hiyo hapa nazipita niingie kwenye maneno yangu. Umekwenda Chokocho kumuaga shangazi yako na nyumba imetulia. Nimekaa barazani na mke mwenzangu, Bi Mize. Yeye anawafukuza kuku wasile mchele tuliouanika, mimi naandika. Kalamu nimeizungushia kitambaa iwe nene nipate kuishika. Ukiona mwandiko umekwenda upande, ujue hapo vidole viligoma, nikapumzika, kisha nikarudi.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kulala mapema na kuchagua marafiki. Hayo umeyasikia tangu hujaota meno, na kama hayajakuingia mpaka leo, karatasi haitayaingiza. Ninalotaka kukuandikia ni hasira. Nimekaa nayo muda mrefu, na kwa kuwa sasa unakwenda kufanya kazi ile ile iliyonitia hasira hiyo, naona si haki uondoke hujui.

Wiki iliyopita uliingia mbio kutoka barabarani, simu mkononi, ukasema, "Mama, wamenichukua! Nitakuwa nazunguka vijijini na watafiti, tunajaribu dawa." Nilikaa kimya. Ulidhani nimehuzunika kwa sababu unaondoka, ukanishika bega ukaniambia nitazoea. Raya, sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yamekuwa ya moto, na nilinyamaza kwa sababu furaha yako ilikuwa mpya na sikutaka kuikanyaga. Leo nadhani imeshapata nguvu ya kustahimili maneno ya mama yako.

Unaijua baridi yabisi ya nyumba hii, maana umekua nayo. Ilianza kwa Bi Mize, halafu ikanijia mimi. Asubuhi viungo vimekaza, mtu hawezi hata kufunga kifungo, na mpaka jua lipande ndipo vidole vinaanza kukubali kukunjika. Watu wa hapa Pujini walisema ni kazi ya karafuu iliyotufanya hivyo, kuchambua vikonyo msimu baada ya msimu, kishada mkononi, kiganja kinabana, dole gumba linasokota. Wengine walisema ni maji baridi. Wengine, Mungu awasamehe, walisema wake wenza hawawezi kuugua ugonjwa mmoja bila ya mmoja wao kumfanyia mwenzake. Daktari alisema si karafuu, si maji, wala si uchawi. Alisema ni mwili wenyewe unaoshambulia viungo vyake kwa makosa, na kwamba kukutana wawili katika nyumba moja, wasio wa damu moja, ni jambo la nasibu tu. Tukawa tunakunywa kile kidonge cha kila wiki unachokijua. Kilisaidia, lakini hakikutosha. Mtu mzima anayehitaji mwenzake amkamulie nguo hajapona.

Wewe wakati huo ulikuwa Gombani kwa mjomba wako kwa ajili ya skuli, ukija nyumbani siku za mapumziko tu. Ndiyo maana hukuyaona ninayotaka kukusimulia, na sisi hatukukuambia. Tuliona aibu, na aibu ile haikuwa yetu.

Walikuja watafiti. Sitawataja, na hata ningetaka nisingeweza, kwa sababu daktari wao alilitamka jina lake mara moja tu, haraka haraka. Kijana mmoja mtanashati, kutoka nje ya kisiwa, Kiswahili chake kama cha redio. Walituita sisi wagonjwa wa baridi yabisi katika chumba cha skuli pale Chake, wakatukalisha kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa meza. Akatueleza vizuri, simnyimi haki yake. Alisema kuna dawa ya siku nyingi, rahisi, inayonywewa na wagonjwa wa sukari dunia nzima, inaitwa metfomini. Wataalamu wanaona huenda ikatuliza pia uvimbe wa viungo, ikiongezwa juu ya dawa tunazokunywa. Huenda. Hilo neno alilisema mara nyingi na nililipenda, kwa sababu mganga gani mwingine amewahi kuniambia huenda? Akasema baadhi yetu watapewa kopo lenye dawa, na wengine kopo lenye kidonge kinachofanana nacho kabisa lakini ndani hakina kitu, ili ijulikane kama ni dawa inayofanya kazi au ni moyo wa mtu. Na hata yeye hajui nani kapata lipi. Tukaulizwa kama tunakubali. Tukakubali, tukaweka saini, Bi Mize akaweka dole.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipofanyika, na nataka uone ni la nani.

Mimi na Bi Mize tuliingia pale pamoja. Tulikaa dawati moja. Tulitaja mtaa mmoja na jina moja la mume. Na tulitoka na makopo mawili yanayofanana, ambayo huenda moja lina dawa na jingine halina. Hakuna hata mmoja wao aliyeinua kichwa akasema, hawa mama ni wa nyumba moja, hawa ni wake wenza, tutawagawiaje vitu viwili tofauti? Walitupima damu, walitupima uzito, walituuliza tunakula chumvi kiasi gani. Kwamba tunaishi na nani hawakuuliza.

Baba yako unamkumbuka unavyomkumbuka, mpole na mcheshi. Mimi namkumbuka pia kama mtu aliyeogopa jambo moja duniani, kuwa siku ya hesabu aje na upande mmoja wa mwili umeinama kwa sababu alimpendelea mke mmoja. Alichokileta nyumbani alikigawa. Samaki aliwapanga kwa ukubwa, wa kwangu na wa Bi Mize. Sukari alipima kwa kikombe kimoja na alisawazisha juu kwa kisu. Kuna sikukuu moja alikuta dukani doti moja tu ya kanga imebaki, akainunua, akaikata katikati kwenye pindo, akampa Bi Mize kipande na mimi kipande. Tukabaki tunaangaliana, kila mmoja ana kanga moja isiyo na mwenzake. Ndipo Bi Mize alipocheka mpaka akakaa chini, akaniambia, "Basi weye vaa doti nzima leo, miye n'tavaa kesho." Tukaivaa kwa zamu mpaka ikachakaa. Hiyo ndiyo nyumba iliyopewa makopo mawili.

Mwanzoni baba yako hakujua. Ulikuwa msimu mkubwa wa karafuu na alikuwa kambini na wachumaji, anakuja nyumbani kubadilisha nguo tu. Mimi nilianza kunywa vidonge vyangu na Bi Mize vyake. Tumbo langu lilinisumbua siku za mwanzo, nikawa sina raha na chakula, kichefuchefu kila baada ya mlo. Bi Mize hakuona kitu. Halafu, taratibu, bila ya mimi mwenyewe kutambua ni lini, mikono yangu ilianza kurudi. Siku moja nilifungua mfuniko wa chupa ya mafuta, nikaendelea kupika, na baadaye ndipo nikagundua kuwa nimeufungua mwenyewe. Nikakamua mashuka. Nikakaa na wanawake wenzangu kuchambua karafuu na nikawafuata, si kwa mbio zao, lakini niliwafuata. Bi Mize alikuwa vile vile. Aliniangalia nikichambua, akasema, "Alhamdulillahi, mwenzangu, angalau mmoja wetu." Alilisema kwa moyo safi na mimi nilimjibu kwa moyo safi.

Nataka nikuambie na hili, kwa sababu sitaki ufikiri mama yako hajui kufikiri: huenda haikuwa dawa. Ugonjwa ule hupanda na kushuka wenyewe, na nilikuwa nimepumzika sana kabla ya msimu. Huenda vidonge vyangu vilikuwa unga mtupu na tumbo langu liliharibiwa na kitu kingine. Sijui. Hicho ndicho ninachokupigia kelele katika barua hii yote, kwamba sijui.

Msimu ulipokwisha baba yako akarudi. Alikaa mkekani anakunywa chai, akaniona namenya muhogo, na Bi Mize amekaa pembeni mikono mapajani. Akauliza. Nikamweleza habari ya makopo. Aliweka kikombe chini.

"Ati moja dawa, moja si dawa?"

"Huenda," nikamwambia.

"Na weye umepata nafuu, mwenzio hakupata."

"Ndivyo inavyoonekana."

Aliingia ndani akatoka na bakuli jeupe, lile la kutilia tambi za mwezi wa Ramadhani. Akaniomba kopo langu, akamuomba Bi Mize lake, akavimimina vyote bakulini, akavikoroga kwa mkono. Halafu akavigawa, kimoja hapa, kimoja pale, mpaka vikaisha. Akasema, "Nyumba hino haina mke wa dawa na mke wa unga."

Raya, nilikasirika. Mikono yangu ilikuwa ndiyo kwanza imerudi, na mtu anaikoroga bakulini bila ya kuniuliza. Sikutamka kitu, lakini uso wangu ulitamka, na Bi Mize aliuona. Baadaye nilimwambia mwenyewe kuwa nilikasirika, akanijibu kuwa alijua. Lakini kuniona vile kulimwingia mahali ambapo hakujatoka mpaka leo, na nitakuja kukueleza.

Tukanywa vya bakuli. Kopo jipya likija, linakwenda bakulini. Sasa tumbo likatusumbua sote wawili, kidogo kidogo. Mikono yangu ilipungua nguvu, haikurudi pale ilipokuwa mwanzo, na ya Bi Mize ikapata unafuu, akawa anashika sindano. Tukawa sawa. Tulisema tumepona nusu kila mmoja na tukamshukuru Mungu, na baba yako alikuwa na furaha kama mtu aliyelipa deni.

Hatukuficha. Ningependa uandike hilo mahali. Kila tulipokwenda Chake walituuliza, "Mmekunywa vidonge vyote?" na sisi tulijibu vyote vimekwisha, na vilikuwa vimekwisha. Nani aliuliza vimekwishia wapi?

Kisha ikaja ile siku. Chumba kile kile cha skuli, watu wamejaa, wengine wamesimama dirishani. Daktari alikuwa anawauliza mmoja mmoja, sisi wengine tunasikia. Akafika kwa Bi Mize.

"Mama, unakunywa vidonge vyako kila siku bila kukosa?"

"Nakunywa vyetu, baba."

"Vyako."

"Vyetu. Vya bakuli."

Daktari akacheka kidogo, akidhani ni lugha ya kizee. Akauliza bakuli gani. Na Bi Mize, ambaye hajawahi kumdanganya mtu, akamsimulia yote, bakuli jeupe, kimoja hapa, kimoja pale, akatabasamu kwa sababu alidhani anasifia uadilifu wa mumewe.

Daktari alisimama. Sijaona mtu akibadilika rangi namna ile. "Mmechanganya?" alisema. "Mmechanganya dawa? Kwani hamkuelezwa hapa?"

"Tulielezwa," nikasema mimi.

"Sasa mlielewa nini?"

"Tulielewa," akasema Bi Mize. "Lakini siye ni wake wa mume mmoja, baba."

"Hilo linahusiana nini na dawa?"

Walikuwepo watu wa huku kwetu, wanawake tuliosoma nao Kurani chuoni, mzee mmoja aliyekuwa mshitiri wa baba yako, mteja wake wa siku nyingi. Kila mmoja wao alijua linahusiana nini. Hata mtoto aliyekuja na bibi yake alijua. Pale ndani mtu mmoja tu hakujua, na ndiye aliyekuwa anapiga kelele. Akasema tumemharibia kazi ya muda mrefu. Akasema ndiyo maana huku hakuendelei. Akasema mambo mengine ambayo sitayaandika kwa sababu nataka uende kazini ukiwa na heshima kwa wakubwa zako.

Na mimi, Raya, nilifanya nini? Mimi mwenye ulimi, ninayewagombeza wachuuzi wa samaki mpaka wananiongezea, nilisema, "Samahani, daktari. Tusamehe." Nilimshika Bi Mize mkono, nikamwinamisha na yeye, tukaomba radhi kama watoto waliovunja sahani ya watu.

Nimekosea mengi katika maisha yangu na mengine unayajua. Kugawana vidonge silihesabu ndani yake, wala simhesabii baba yako, ingawa naye angeniuliza kwanza. Ninalojuta ni ile samahani. Tangu siku hiyo nimeitafuna kila nikikaa peke yangu. Kwa nini niliomba radhi? Aliyetia makopo mawili tofauti katika nyumba ya wake wawili ndiye aliyeichanganya dawa, kabla ya baba yako hajaleta bakuli. Angeuliza swali moja. Angetupa sote kopo la aina moja, lolote, lenye dawa au lisilo na dawa, tungekunywa mpaka mwisho na kazi yake ingekuwa nzima. Lakini yeye alitujua viungo tu. Alijua kidole kipi kimevimba na goti lipi linauma, na watu waliobeba viungo hivyo hakuwaona.

Walituchukulia makopo. Tukaambiwa tumetolewa, tusirudi. Pale mlangoni nilijikaza, nikamuuliza yule daktari, "Basi tuambie tu, lipi lilikuwa na dawa, langu au lake?" Akajibu bila ya kuniangalia, "Siwezi kusema, bibi. Mpaka mwisho wa kazi." Nikasema sawa, tutasubiri mwisho. Mwisho ukafika. Gari lao likaonekana mara ya mwisho, vitu vimefungwa juu, likaenda zake Mkoani. Hawakurudi kutuambia sisi, na hawakurudi kuwaambia hata wale wasiochanganya. Wale walikunywa kama walivyoambiwa, kila mtu kopo lake, wakatolewa damu, wakakaa kwenye madawati ya watoto mpaka migongo ikawauma. Nao hawajui mpaka leo walikunywa nini wala kama kilifaa. Jibu lipo. Limekwenda mahali linasomwa na watu wasio na maumivu yoyote.

Ndipo nilipokwenda hospitali kuomba. Nilisema ninataka vile vidonge vya sukari, kwa ajili yangu na mwenzangu, kwa mikono. Muuguzi aliniuliza kama nina sukari. Nikasema sina. Akasema, "Basi hivi si vyako, bibi." Alikuwa mpole na simlaumu, hawezi kumpa mtu dawa kwa sababu mtu huyo anasema huenda. Lakini niliviona, Raya. Viko pale nyuma yake kwenye rafu, makopo kwa makopo, dawa rahisi inayopatikana kila mahali, na mimi nimesimama upande wa pili wa meza na vidole vyangu. Jirani yetu Bi Kazija, mwenye sukari, alipopata habari alitaka kunigawia vyake. Nilikataa. Vile ni vyake na anavihitaji, na nimeshajifunza kuwa kuna vitu havigawanyiki bila ya kumdhuru mtu. Hilo nilijifunza, sikatai. Nani alinifundisha lakini? Hakuwa yule aliyelipwa kunifundisha.

Baba yako alifariki akiamini alitufanyia haki. Bi Mize unamuona alivyo. Vidole vimepinda kuelekea nje, kijiko anakishika kwa viganja viwili. Mimi bado naandika, kama unavyoona, kwa kalamu iliyofungwa kitambaa. Na sasa nifike kwenye lile nililokuahidi.

Kila jioni, mimi na Bi Mize tukikaa hapa barazani, ananiomba radhi. Wewe umelisikia ukadhani ni ibada yake ya uzee, maana wazee huomba radhi kwa kila mtu. Siyo. Anasema, "Salma, niwie radhi. Nimekula nusu ya mikono yako." Ameamini kuwa kopo langu ndilo lililokuwa na dawa, na la kwake unga, na kwamba kama nisingegawana naye ningepona kabisa. Aliuona ule uso wangu siku ya bakuli na ameuhifadhi. Namwambia hatujui. Namwambia huenda yote mawili yalikuwa unga. Huenda yote mawili yalikuwa dawa, na mimi tu niliwahi. Ananisikiliza, anatikisa kichwa, na kesho jioni anaanza tena. Nimemsamehe mara nyingi mpaka neno limekosa ladha, na yeye halimtoshi, kwa sababu si msamaha anaoutaka. Anataka kujua kama ana deni.

Huyo ni mwanamke aliyekuogesha wewe arubaini yako yote mimi nikiwa sijiwezi. Anakaribia kuondoka duniani na mzigo aliotwishwa na mtu asiyeuliza swali moja, na aliyekuwa na jibu mkononi akaenda nalo. Unataka kujua nina hasira gani? Hiyo.

Kesho unapanda boti kwenda kuwa mmoja wao. Sikukatazi. Ningekukataza ningekuwa mpumbavu, kwa sababu ile kazi ni nzuri. Kujua kama dawa ya sukari inaweza kusaidia mikono ya watu ni jambo la maana, na lazima mtu alijaribu, na lazima wengine wapate kidonge kitupu, nimelielewa hilo vizuri kuliko yule daktari alivyodhani. Nataka tu ukiwa umeshika yale makopo, kabla hujampa mtu, umuulize anakula na nani. Nani analala nyumba moja naye, nani anampikia, nani atauliza kwa nini yeye amepata na mimi sikupata. Na siku mama mmoja atakapokuambia jambo lililokuharibia hesabu zako zote, ukae chini kabla ya kusimama. Na kama ataomba radhi bila ya kosa, usiipokee. Mrudishie.

Na kazi ikimalizika, rudi kule ulikokwenda. Rudi kwa miguu yako, kwa yule aliyekunywa mpaka mwisho na kwa yule aliyeharibu. Waambie walikunywa nini. Nasikia kuna kusema kwamba jibu limeshatolewa kwa wanaohusika. Raya, mtu ambaye tumbo lake lilibeba kile kidonge asipohusika, nani anahusika?

Nina ombi moja la mwisho na ni langu binafsi. Huko unakokwenda utakutana na watu wanaojuana na watu. Mtafute yule anayejua makopo yetu yalikuwa na nini. Lazima yupo, mambo kama hayo hayatupwi. Sijali itachukua muda gani, ila ujue Bi Mize hana muda mwingi.

Ukilipata jibu, usinipigie simu mimi. Nakujua, utanipigia kwanza uniulize kama inafaa Bi Mize aambiwe, na mimi najijua, nikisikia lililo baya nitalimeza nimwambie jingine. Usinipe nafasi hiyo. Njoo wewe mwenyewe, utukalishe sote wawili hapa barazani, uliseme mara moja, tulisikie kwa pamoja, pasiwe na aliyetangulia. Kama ana deni, nimsamehe mbele yako tukijua ninasamehe nini. Kama hana, acheke kama alivyocheka siku ya kanga.

Na kama hukulipata, mwanangu, usione haya kama walivyoona wao. Njoo utuambie kuwa hukulipata. Hilo nalo tutagawana.

Mama yako,
Salma